Sumu haitamaliza njiwa, soko safi ndilo litawapunguza

Vijana wenzetu wa Lubumbashi,

Njiwa wanaongezeka mu muji, kila mutu anaona: juu ya manjanja ya masoko, ku madirisha ya nyumba za zamani, mpaka ku masomo ya watoto. Wengine watacheka kusikia harakati ya raia inasema juu ya njiwa. Sisi hatucheki, sababu jambo hili linagusa pumzi yetu na maji yetu.

Tuseme ukweli bila kuogopesha watu. Mutu mwenye afya hapati ugonjwa kwa kupita tu chini ya njiwa. Hatari iko mu mavi yao, yakirundikana na kukauka. Kiangazi yanakuwa vumbi, na mu vumbi ile munaweza kuwa kuvu inayoitwa kriptokoko. Kwa mutu ambaye kinga ya mwili imeshuka, zaidi ndugu zetu wanaoishi na virusi vya SIDA, kuvu hiyo inaweza kupanda mpaka ku ubongo na kuleta meninjiti, ugonjwa unaoua kama hautibiwi mapema. Kisha mvua inaanza, inaosha manjanja, na maji yale yanaingia mu mapipa ya mama asiye na robine mu lupango yake. Ndiyo hayo watoto wanakunywa.

Tunasikia wengine wanasema: tuweke sumu. Hapana. Njiwa tunawala, watoto wanawashika, na sumu haichagui. Tena haisaidii. Mu muji wa Basel, kule Uswisi, waliua njiwa karibu 100 000 kati ya 1961 na 1985, lakini hesabu yao ilibakia karibu 20 000. Chakula kilikuwako, basi waliopona walizaa: jozi moja inataga mayai mawili, inayalalia siku karibu 18, na inaanza tena mara kadhaa kwa mwaka. Kuanzia 1988 wakabadilisha njia: waliomba raia waache kuwalisha, wakaweka vibanda ambamo mayai yaliondolewa. Mu miaka karibu mine njiwa walipungua karibu nusu.

Hapa kwetu nani anawalisha? Ni soko lisilofagiliwa: unga wa muhindi, mchele na maharagi yaliyomwangika, takataka zinalala siku mingi. Mama muuzaji analipa takse ya meza yake kila siku. Feza ile inaenda wapi, kama takataka haziendi?

Kifungu cha 48 cha Katiba ya 2006 kinatambua haki ya maji ya kunywa, na kifungu cha 53 haki ya kila mutu ya kuishi mu mazingira safi. Hiyo si zawadi ya mukubwa yeyote. Kwa hiyo tunadai:

1. Takataka za masoko zitolewe kila jioni, na hesabu ya takse ibandikwe mahali raia wanaweza kuisoma.
2. Masomo, hopitali na majengo ya serikali yafunge kwa wavu matundu yote chini ya manjanja.
3. Kazi hiyo ipewe vijana wa komini wasio na kazi, wenye diploma na wasio nayo, kwa mkataba, mshahara, maski na glavu.

Na sisi wenyewe tuanze ku salongo ya kwanza. Tusifagie mavi makavu: tumwangie maji kwanza, tufunike mudomo na pua. Mvua ya kwanza ikinyesha, tuache maji yaoshe manjanja, tusiyakinge. Ya kunywa tuyachemshe. Anayefuga njiwa asafishe kibanda chake, asiwaache wajitafutie ku soko.

Mvua haingojei mikutano ya ofisi. Takataka zitoke mbele ifike.