Mlango, Mazoezi na Hesabu ya Watoto

Moto unapozuka, mtu mzima hukimbilia mlango. Mtoto wa miaka sita mara nyingi hukimbilia uvunguni au kabatini, kwa kuwa huko ndiko anakojificha kila anapoogopa. Mwingine hubaki ameduwaa akimsubiri mwalimu. Mwingine hurudi ndani kumtafuta mdogo wake au kuchukua begi. Kwa hiyo maandalizi ya dharura katika shule za awali na msingi hayawezi kunakiliwa kutoka ofisini au kiwandani. Mtungi wa kuzimia moto ni kifaa cha mtu mzima. Mtoto huokolewa na njia iliyo wazi, mazoea, na mtu mzima anayejua idadi ya watoto wake. Makala haya yamepangwa kwa kufuata mambo hayo matatu: mlango, mazoezi, hesabu.

Machi 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini katika Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: madirisha ya bweni yasiwe na nondo, milango ifungukie nje na isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, na nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2. Mabweni hayajaacha kuua. Septemba 2020 moto uliua wanafunzi 10 wa shule ya msingi wilayani Kyerwa, Kagera, Tanzania. Septemba 2024 ukaua wavulana 21 wa Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri.

Nondo na kufuli huwekwa kwa nia njema, kuzuia wezi na watoro, lakini kinachomzuia mwizi kuingia humzuia mtoto kutoka. Mkaguzi anayefika shule ya bweni ana swali moja la kuanzia: saa nane za usiku, ufunguo uko kwa nani, naye amelala wapi?

Mlango wazi nao hautoshi. Februari 3, 2020, wanafunzi 14 wa Shule ya Msingi Kakamega walikufa kwa kukanyagana ngazini wakitoka madarasani jioni. Hapakuwa na moto. Kutoka kwenyewe ni jambo la kufundishwa: madarasa yatoke kwa zamu, na mwalimu asimame kila ngazi inapopinda.

Mazoezi ndiyo yanayojenga mazoea hayo. Yanafaa kufanyika walau mara moja kila muhula, kwa saa tofauti, na kwa shule za bweni usiku pia. Ishara iwe moja isiyofanana na kengele ya mapumziko. Wadogo huambiwa mapema kuwa ni zoezi, wasije wakaiogopa ishara yenyewe. Darasa la awali hutoka limeshika kamba yenye mafundo, kila mtoto na fundo lake. Fundo lisiloshikwa humwonyesha mwalimu papo hapo kuwa kuna aliyebaki. Watoto hufundishwa kutambaa, kwa kuwa moshi hupanda juu na hewa nafuu hubaki karibu na sakafu, na kutojificha hata wakiogopa. Mwenye ulemavu hupangiwa mtu wa kumsaidia kabla ya siku ya hatari.

Kisha hesabu. Siku moja baada ya moto wa Endarasha, serikali ilitangaza kuwa watoto 70 hawajulikani walipo. Wengi wao walikuwa hai: walikuwa wamechukuliwa na wazazi au kuhifadhiwa na majirani. Kwa wazazi waliosubiri getini, mtoto aliye salama asiyejulikana alipo hakuwa na tofauti na aliyepotea. Rejista basi hutoka na mwalimu, na nakala yake, pamoja na simu za wazazi, hukaa nje ya jengo. Majina huitwa mahali pamoja panapojulikana, mbali na majengo na njia ya gari la zimamoto. Mtoto hakabidhiwi mtu yeyote, hata mjomba anayefahamika, kabla jina la anayemchukua halijaandikwa na sahihi kuwekwa. Zoezi ambalo halikufika hatua hii halijakamilika, hata kama watoto wote walitoka mbio.