Mkutano wa Watumiaji Usigeuzwe Gulio la Wauzaji

Kila mkutano una mwenyewe, na mwenyewe hatambuliwi kwa bango lililotundikwa mlangoni. Hutambuliwa kwa kuuliza ni nani aliyeandika ratiba. Ukweli huu, ambao kila katibu wa tawi anaufahamu, husahauliwa kwa wepesi wa kushangaza pindi mkutano unapohusu kompyuta.

Imekuwa desturi kwa makampuni yanayouza programu za uhasibu, za mishahara na za ugavi kuitisha makongamano, na baada ya makongamano hayo kuzungusha maonyesho mji hadi mji, yakidai kwamba yanawakutanisha watumiaji na watengenezaji. Neno "watumiaji" huandikwa kwa herufi kubwa kwenye kadi ya mwaliko. Lakini mtumishi wa umma anapoingia ukumbini hukuta kila jambo limekwisha kuamuliwa. Mada kuu itatolewa na meneja wa mauzo. Saa za asubuhi, ambapo watu bado wana akili timamu, zimegawiwa wadhamini kwa kadiri walivyolipa, wa dhahabu wakitangulia na wa fedha wakifuata. Mhasibu ambaye amepambana na programu hiyo mwaka mzima amewekewa dakika kumi za maswali kabla ya chakula cha mchana, na dakika hizo nazo huliwa na mtoa mada aliyepitiliza muda wake. Jioni hupewa fulana na mfuko wenye kalamu. Kampuni nayo huondoka na kitu chenye thamani kubwa zaidi: orodha ya majina, vyeo na namba za simu za watu wanaoidhinisha malipo.

Hilo ni gulio. Hakuna ubaya gulio likiitwa gulio. Ubaya ni kuliita mkutano wa watumiaji, kisha kumlipia mtumishi nauli na posho kutoka katika fedha za umma ili akafundishwe kununua.

Inafaa ikumbukwe kwamba mikutano ya namna hii haikuanzishwa na wauzaji. Mwaka 1955, huko Los Angeles nchini Marekani, wataalamu wa viwanda vya ndege waliokuwa wakitumia mashine za IBM waliona kwamba kila kiwanda kinaandika upya programu zile zile ambazo jirani yake amekwisha kuziandika. Wakaunda chama, wakakiita SHARE, yaani kugawana. Viwanda hivyo vilikuwa washindani, na nchi yenyewe ni ngome ya ubepari. Hata hivyo watumishi wao walikaa meza moja, wakapeana programu walizoziandika kwa jasho lao, na wakazungumza na IBM kwa sauti moja. Ajabu ni kwamba mabepari walijua faida ya ushirika pale walipokuwa wateja.

Mfano wa karibu zaidi uko Ujerumani. Mwaka 2008 kampuni ya SAP, ambayo programu zake zinaendesha hesabu za makampuni makubwa ulimwenguni, ilitangaza kupandisha ada ya matunzo kutoka asilimia 17 hadi asilimia 22 ya thamani ya leseni. Vyama vya watumiaji vilipinga, kikiwamo DSAG, kilichoundwa mwaka 1997 na watumiaji wa nchi zinazozungumza Kijerumani. Ulikuwa mvutano mrefu, na mwaka 2010 kampuni ikarudisha huduma ya ada nafuu kwa wanaoitaka. Mwaka 2023 ilipotangaza kwamba mambo mapya yatawafikia wale tu wanaokodi programu kupitia intaneti, wakati wako wengi walionunua leseni na kufunga mitambo yao wenyewe, DSAG ilisimama tena hadharani. Chama hicho huandaa kongamano lake chenyewe kila mwaka. Je, sauti hiyo ingetoka wapi kama jukwaa, ratiba na kipaza sauti vingekuwa mali ya SAP?

Kinyume chake kilionekana San Francisco mwaka 2015, kampuni ya Salesforce ilipokodi meli ya kitalii na kuitia nanga bandarini ili iwe hoteli ya wageni wa kongamano lake, kwa kuwa vyumba vya mjini havikutosha. Mwenye meli ndiye mwenye ratiba.

Tanzania ina sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili kwa makini. Hazina ilifunga kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965. Baada ya hesabu za Serikali kuhamishiwa katika mashine na kuvurugika, huku wengi wa waliojua kuiendesha wakiwa wageni, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuagiza kompyuta kutoka nje. Wapo wanaoicheka hatua hiyo leo. Wanaocheka wasahau mashine na watazame kiini chake: ilinunuliwa teknolojia ambayo wenye kuitumia hawakuwa na kauli juu yake.

Hali imebadilika. Baada ya mwaka 2019 mfumo wa MUSE, ulioandikwa na wataalamu wa Serikali yenyewe, ulichukua nafasi ya Epicor, programu iliyonunuliwa ng'ambo. Tangu mwaka 2017 mfumo wa FFARS ulipeleka uhasibu wa kompyuta hadi katika zahanati na shule. Katika mwaka wa fedha 2023/24 walimu, pamoja na watumishi wengine wa umma, walianza kujaza kazi zao katika PEPMIS badala ya fomu za OPRAS. Maana yake ni kwamba mwalimu mkuu, ambaye hakusomea uhasibu wala kompyuta, sasa ni mtumiaji wa programu za ofisi sawasawa na mhasibu wa wizara. Na anayeiandika programu hiyo ni mtumishi mwenzake, analipwa na mwajiri yule yule. Hapa hakuna tena mgeni wa kulaumiwa.

Kikao kazi cha serikali mtandao ambacho kimekuwa kikifanyika Arusha ni jambo jema. Lakini ukumbi mmoja, hata uwe mkubwa namna gani, haumfikii mwalimu mkuu anayepanda kilima kutafuta mtandao ili fedha za shule yake zitoke. Huyo ndiye angepaswa kufuatwa na maonyesho ya kuzunguka. Misafara ya sasa hufuata lami na hoteli: Dar es Salaam, Arusha, Dodoma, kisha nyumbani. Haifiki Mpanda wala Kibondo. Na popote ifikapo huonyesha picha zilizotayarishwa, ambamo kila kitufe hufanya kazi na mtandao haukatiki. Msafara wa haki ungebeba programu yenyewe, ukaiwasha kwa mtandao uliopo hapo hapo, na kumketisha aliyeiandika kando ya anayeitumia, anyamaze na atazame. Saa moja ya kutazama vile ingemfundisha mengi kuliko fomu elfu za maoni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hata tarehe ina siasa yake. Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na yeyote aliyewahi kukaa katika ofisi ya uhasibu anajua wiki hizo zilivyo. Kampuni ya kigeni hupanga misafara yake kwa kufuata kufungwa kwa vitabu vyake yenyewe. Ya Oracle, kwa mfano, ni tarehe 31 Mei. Mwandalizi asiyejua kalenda ya mtumiaji atamwita mhasibu mezani kwa muuzaji siku ambayo mhasibu huyo anatakiwa mezani kwake.

Watasema kwamba bila wadhamini hakuna fedha. Fedha za nini? Baada ya agizo la mwaka 2015 la kupunguza safari na kuhamishia mikutano katika majengo ya Serikali, mikutano iliendelea. Vyuo na shule vina kumbi ambazo wakati wa likizo hulala tupu. Kinachohitaji mdhamini ni hoteli, na kasumba ya kwamba mkutano hauwi mkutano bila hoteli haikuletwa na wauzaji peke yao; wapo watendaji wanaoipenda ratiba ya muuzaji kwa sababu ya kile kinachopakuliwa baada yake. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwataka viongozi washirikishe watu katika kupanga mambo yao. Haukusema isipokuwa kama mambo hayo ni ya kompyuta.

Liko jambo jingine dogo ambalo makongamano haya yote hayana, ingawa kikao cha shina au cha kamati ya shule hakiwezi kuanza bila hilo: yatokanayo. Mkutano wa programu hufunguliwa kila mwaka kama kwamba wa mwaka jana haukuwahi kuwapo. Hakuna anayesoma kumbukumbu, hakuna anayeulizwa ile kasoro ya kukokotoa makato iliyolalamikiwa imefikia wapi. Kila lalamiko la mtumiaji liandikwe katika daftari pamoja na jina la mtengenezaji aliyelipokea, na daftari hilo lisomwe kabla ya hotuba yoyote.

Kamati ya maandalizi iundwe na wahasibu wa halmashauri, maofisa ugavi, maofisa utumishi, waganga wafawidhi na walimu wakuu, nao ndio wateue mada na kugawa saa. Watengenezaji wa Serikali wapewe viti vya mbele, karibu na daftari. Muuzaji apewe meza nje ya ukumbi, ailipie, na aingie ndani atakapoitwa kujibu.