Anzeni shingoni, wala msiogope uzi wenye manyoya

Mimi niko Manundu, Korogwe, ambako kwa joto lililopo sweta haina nafasi. Lakini mjukuu wangu anaishi Lushoto, na kule milimani Usambara baridi ya Juni na Julai ni kali kweli.

Nimemfumia sweta ya kuanzia shingoni kwenda chini, isiyounganishwa vipande. Vitanzi unavigawa sehemu nne: mbele, nyuma na mikono miwili. Kila baada ya mstari mmoja unaongeza vitanzi 8, yaani viwili kwenye kila mpaka wa sehemu. Ukifika kwapani, vitanzi vya mikono unavihifadhi kwenye uzi wa kando, kisha unaendelea na kiwiliwili.

Kilichonitesa ni uzi. Una manyoya, vitanzi havionekani, na ukikosea haufumuki kwa urahisi kwa sababu manyoya yameshikana. Dawa niliyoipata ni hii: kila baada ya mistari 10, pitisha uzi laini wa pamba ndani ya vitanzi vyote, uuache hapo. Ukikosea, unafumua mpaka kwenye uzi huo tu. Fuma asubuhi, kabla mikono haijatoka jasho, na vitanzi vihesabu kwa kuvipapasa.

Wazazi wenzangu, mtoto akirefuka unafungua ukingo wa chini na kuendelea kufuma. Sweta moja, miaka miwili. Subira inalipa.