Ufunguo wa maji yetu usikae kwenye konti ya mtu aliye mbali

Ndugu wasikilizaji, nanyi wasomaji wetu mlio kambini, mliopokelewa kwa jamaa, na mliorudi kijijini mkakuta nyumba haina paa: leo naandika juu ya kisanduku. Ni kile kinachofungwa ukutani ndani ya chumba cha pompa, karibu na tablo ya umeme. Mafundi wetu wanakiita variateri. Wengi wenu hamjakiona, kwa sababu chumba kile kina kufuli. Lakini ndicho kinachoamua kama bidoni yako itajaa leo ama itarudi tupu.

Ninachosema ni hiki. Shirika ama kampuni inayojenga pompa kwa ajili ya watu waliokimbia vita, kisha ikaweka variateri isiyoweza kurekebishwa ila kwa programu ya intaneti, na konti ya programu hiyo ikabaki mikononi mwake, haijawapa watu maji. Imewaazima tu. Siku itakapoondoka, itaondoka nayo.

Kisanduku hiki kinafanya nini?

Tusiseme vibaya kitu tusichokijua. Mota ya pompa ukiiwasha moja kwa moja inavuta umeme mara 5 hadi 7 kuliko ule inaotumia ikishashika mwendo. Jenereta ndogo inazimika hapo hapo. Variateri inaiamsha mota polepole, ikipandisha hertzi kutoka sufuri hadi 50. Ikiwa umeme unatoka kwenye sola na wingu limefunika jua, variateri inapunguza mwendo badala ya kuiacha mota isimame. Hata mafuta yanapona: pompa ikishushwa kutoka hertzi 50 hadi 40, nguvu inayohitajika inashuka hadi karibu nusu, ingawa kisima kirefu kinakula sehemu ya faida hiyo. Ni chombo kizuri. Sina ugomvi nacho.

Lakini variateri haiijui mota uliyoifunga mpaka uiambie. Ni lazima uiambie yale yaliyoandikwa kwenye kibao cha mota: volti, ampere, hertzi, mizunguko kwa dakika. Uiambie pia inatumia muda gani kuamka. Mota nyingi zinazozama kisimani zinalainishwa na maji, kwa hiyo zinatakiwa kufika kama hertzi 30 haraka na zisikae chini ya hapo, la sivyo zinajila zenyewe. Uiambie tena isimame kisima kikikauka. Hayo yote ndiyo mafundi wanayaita parametri. Ukikosea ampere kwa kuzidisha, mota inaungua. Ukikosea kwa kupunguza, inasimama kila mara.

Kwenye variateri nyingi kazi hiyo inafanyika kwa kioo kidogo na vifungo vichache. Fundi aliyesoma umeme, mwenye kitabu cha maelezo mkononi, anaimaliza asubuhi moja. Lakini siku hizi tunaletewa nyingine zisizo na kioo wala vifungo. Ili useme nazo unahitaji telefoni ya kisasa ama ordinatere, aplikasio, konti yenye barua-pepe na neno la siri, na intaneti ya kuingilia. Aliyezifunga anaweza kuzifunga kwa neno la siri lake, na asimwachie mtu.

Siku kumi na moja

Mwaka uliopita nilifika mahali panapokaa wakimbizi wa ndani. Sitataja mahali wala shirika, kwa sababu wale watu bado wanaihitaji misaada yao. Mota ya kisima ilikuwa imeungua. Kamati ya maji haikukaa kulia. Kila familia ilitoa kidogo, wengine franka 500, mota nyingine ikanunuliwa mjini. Ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza, lakini ilitosha. Fundi kijana wa hapo hapo, mwenye diploma ya serikali ya umeme, akaifunga vizuri.

Variateri ikawasha taa nyekundu. Ilikuwa bado inaitafuta mota ya zamani, na ili kubadilisha parametri ilidai neno la siri. Walipiga simu kwa aliyeifunga. Akajibu kwamba konti ni ya kampuni, na kazi yake kwenye kampuni ile imekwisha. Kampuni ikajibu kwamba mradi umefungwa, kwa hiyo safari ya teknisiani itahitaji malipo mapya. Shirika lililofadhili likajibu kwamba litaangalia.

Siku 11 zilipita hivyo. Mama na wasichana walishuka mtoni kabla ya mapambazuko, njia ambayo kila mtu anajua inawapata nini. Wenye pikipiki wakaanza kuuza bidoni kwa bei waliyoitaka. Mama mmoja aliyekuwa amekaa juu ya bidoni yake tupu aliniuliza kama maji nayo siku hizi yana neno la siri.

Mwishowe yule fundi akaitoa variateri ukutani na kuiunganisha mota moja kwa moja kwenye jenereta kubwa iliyoazimwa kwa jirani. Maji yakatoka, watu wakapiga vigelegele. Mimi sikuweza kufurahi sana, kwa sababu mota ile sasa inaendeshwa kipofu. Hakuna kinachoizimisha kisima kikikauka, na mafuta yanaliwa kama kuni. Wenye neno la siri walisema wameliweka ili kulinda mashine. Mashine ndiyo iliyokosa ulinzi.

Piga hesabu nami. Pompa inayotoa litre 10.000 kwa saa inajaza bidoni 500 za litre 20 kila saa. Ikifanya kazi saa 8, ni litre 80.000. Mashirika yenyewe yanafuata kipimo cha litre 15 kwa mtu kwa siku kama kiasi cha chini. Kwa kipimo hicho, pompa moja inawatosha watu zaidi ya 5.000. Watu 5.000 wanasimama, wakingoja barua-pepe ijibiwe. Na hapa kwetu Kivu kipindupindu hakihitaji kualikwa.

Intaneti ya wapi?

Mwenye kubuni mfumo huu alikaa mahali ambapo intaneti ni kama hewa. Sisi tunajua inavyokuwa. Tarehe 31 desemba 2018, mara tu baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika Kongo nzima, ikakaa hivyo karibu wiki tatu. Mwezi wa kwanza 2025, vita vilipofika Goma, umeme ulikatika na pompa zinazovuta maji ziwani zikasimama. Watu walishuka na bidoni hadi Ziwa Kivu. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa. Niambieni: katika siku kama hizo, nani atalipia leseni ya programu? Teknisiani atashukia uwanja gani? Na maji yanahitajika zaidi siku gani, kama si siku hizo hizo?

Tusidhani ni shida ya maskini peke yao. Tarehe 24 februari 2022, siku Urusi ilipoivamia Ukraine, mfumo wa satelaiti wa KA-SAT ulishambuliwa. Kule Ujerumani, mitambo 5.800 hivi ya kuzalisha umeme kwa upepo, ya kampuni Enercon, ilipoteza mawasiliano na wanaoisimamia kwa mbali. Je, ilisimama? Hapana. Iliendelea kuzunguka na kutoa umeme, kwa sababu akili ya kuiongoza ilikuwa ndani yake. Kilichokatika ni jicho la mbali tu. Hivyo ndivyo chombo cha lazima kinavyotakiwa kujengwa.

Na upande mwingine kuna Poland. Treni zilizotengenezwa na kampuni Newag zilipelekwa kwenye gereji ya watu wengine, zikatengenezwa, kisha zikakataa kuondoka ingawa hakuna kilichoharibika. Wataalamu wa kundi la Dragon Sector waliozichunguza walisema mwishoni mwa 2023 kwamba ndani ya programu waliona maagizo ya kuzisimamisha zikikaa kwenye gereji zisizo za kampuni. Newag ilikanusha. Mahakama na waamue lao. Ila somo liko wazi: mwenye kushika programu ndiye mwenye kushika mashine, hata kama wewe ndiwe uliyeilipia.

Wanavyojitetea

Nimewasikiliza na wao. Wanasema wakiwa mbali wanaweza kuona pompa inavyofanya kazi, na kutambua tatizo kabla halijawa kubwa. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini kuona si kufunga. Waache jicho lao, watuachie ufunguo.

Wanasema watu watachezea parametri. Ni kweli, hutokea. Ndiyo maana sikatai neno la siri. Nakataa neno la siri linalojulikana na mtu mmoja aliye kilomita mia kadhaa kutoka kisimani. Kufuli ya chumba cha pompa tumeikubali, kwa sababu ufunguo wake uko kwa kamati.

Wanasema mafundi wa hapa hawana ujuzi. Hapo ndipo hasira yangu inapopanda. Ni mafundi hawa wanaokarabati vinu vya mihogo, vya mahindi, jenereta na mashine za kuchomelea, mara nyingi bila kipande kipya hata kimoja. Asiyejua afundishwe. Siku mbili za mafunzo ni bei ndogo kuliko safari moja ya teknisiani kwa ndege. Ukimnyima mtu neno la siri kisha ukasema hajui kazi, umemfunga mikono ukamlaumu haogelei.

Wanasema hatimaye kwamba hivyo ndivyo kiwanda kinavyotengeneza. Si kweli kwa viwanda vyote. Variateri zenye kioo na vifungo zinauzwa mpaka leo. Anayechagua ni yule anayeandika orodha ya manunuzi, na anaichagua akiwa ofisini.

Tunachodai

Katiba yetu, katika kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa na umeme. Hakuna mahali ilipoandika kwamba haki hiyo inapitia kwenye konti ya mkandarasi. Kwa hiyo, mbele ya kila pompa mpya, kamati za maji, machefu wa kata na vijiji, na wakubwa wa mikoa wadai mambo matano kabla ya kutia sahihi.

Kwanza, variateri iwe na kioo na vifungo, ama iweze kurekebishwa kwa waya na ordinatere, kwa programu inayofanya kazi bila intaneti na bila konti.

Pili, parametri zote ziandikwe kwenye karatasi, kwa Kiswahili na Kifaransa, karatasi ifunikwe na plastiki na kubandikwa ndani ya mlango wa tablo. Nakala nyingine ikae kwenye kituo cha afya.

Tatu, neno la siri liwekwe kwenye bahasha mbili zilizofungwa: moja kwa kamati, moja kwa shefu. Likibadilishwa, bahasha zibadilishwe siku hiyo hiyo.

Nne, pale penye jenereta ama laini ya umeme ya kutosha, iwepo njia ya pembeni ya kuwasha mota bila variateri, yenye relè inayokata mota ikipata joto na kifaa kinachoizimisha maji yakipungua kisimani. Yule fundi kijana asingelazimika kubahatisha.

Tano, na hili ndilo kubwa: siku ya kukabidhi, kabla ya hotuba na kabla ya picha, telefoni zote za mkandarasi zizimwe. Parametri zifutwe. Mafundi wawili wa hapo wazirudishe wao wenyewe, wakiangalia ile karatasi. Maji yakitoka, tupige makofi. Yasipotoka, mradi haujakwisha, na sahihi isitiwe.

Kwenu wenzangu mnaoteka maji: siku wageni watakapokuja na kofia zao na kibao chenye alama ya mfadhili, msiulize tu pompa inatoa litre ngapi. Ulizeni ni nani anaweza kuirekebisha Jumapili usiku, mtandao ukiwa umekatika na barabara imefungwa. Kama jibu ni jina la mtu ambaye hayuko kati yenu, mwambieni mgeni kwa heshima arudi kumalizia kazi.