Usukani Unaotetemeka

Dereva ashukaye kutoka Musanze kuja Kigali, usukani ukaanza kumtetemekea mikononi baada ya gurudumu kupiga shimo, asikanyage breki kwa ghafula. Aushike imara, aondoe mguu kwenye mafuta, gari lipunguze mwendo lenyewe. Land Cruiser za aina ya 70, zilizoanza kuundwa mwaka 1984, zina ekseli nzima mbele: gurudumu moja likitikisika, la pili hufuata.

Afikapo atazame kwanza ndani ya rimu, kwani tope lililokauka upande mmoja latosha kulitikisa gari zima. Mtikisiko ujao katika mwendo fulani tu hutaka magurudumu yapimwe uzani. Ule uanziao shimoni una asili yake katika viungo. Msaidizi auchezeshe usukani kushoto na kulia huku fundi akitazama ncha za tairodi na bushi za ekseli. Kisha gari liinuliwe, liegemezwe imara, na gurudumu litikiswe kwa kushikwa juu na chini. Likicheza, breki ikanyagwe: mchezo ukitoweka, beringi za gurudumu zimelegea, ukibaki, ni za kingipini.

Mafundi wengine hukimbilia kufunga shokomzoba mpya ya usukani. Hiyo huufunika mtikisiko kwa muda tu, na chini yake viungo huzidi kulika.