Sabufa nayo iwe na saa yake

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu. Jambo ninalotaka kulisema ni kelele za vyombo vya umeme majumbani mwetu. Huenda baadhi ya wasomaji wa mijini wakacheka na kusema: hawa watu wa vijijini jana walikuwa wakilia hawana umeme, leo wanalia umeme una kelele. Nawaomba wanisikilize mpaka mwisho, ndipo wacheke.

Kwanza nitoe shukrani. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, nguzo zimekuwa zikisogea kijiji hadi kijiji, na zamu yetu nayo ikafika. Mwanakijiji alitakiwa kulipa shilingi 27,000 tu aunganishiwe. Wanafunzi wangu waliokuwa wakisoma kwa kibatari na kuja shuleni na masizi puani, sasa wanasoma kwa taa. Akina mama hawaendi tena mbali kusaga. Kwa hiyo asitokee mtu akasema mwalimu huyu anapinga maendeleo.

Lakini umeme haukuja peke yake. Ulikuja na runinga, na friji ya soda inayonguruma usiku kucha, na sabufa. Ulikuja na LUKU ambayo uniti zikikaribia kwisha hulia pi! pi! pi! kama kifaranga aliyepotewa na mama yake. Na siku umeme unapokatika, tunaamshiwa jenereta ya dukani. Zamani usiku wa kijiji chetu ulikuwa wa vyura, mbwa na fisi. Ukisikia sauti nyingine, ulijua kuna jambo.

Chombo kilichonitoa jasho kuliko vyote ni sabufa. Jirani yangu, kijana mchapakazi, aliuza pamba yake akanunua sabufa kubwa. Wiki ya kwanza sote tulifurahi, hata mimi nilikwenda kusikiliza. Wiki ya tatu nilikuwa siwezi kulala. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta, lakini besi hupita ukutani kama vile hakuna ukuta, ikifika juu hutikisa mabati. Hata ukiziba masikio, unaisikia kifuani.

Wakati huo nilikuwa na watoto wa darasa la saba waliokuja kwangu jioni kujisomea, maana si kila nyumba ina taa. Jioni moja niliwasomea hesabu ya kichwa. Mimi nilisema sitini, nusu yao wakaandika sabini. Nilitaka kuwafokea, kisha nikatambua kwamba hata mimi sikuwa nikijisikia vizuri. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kelele ndani ya darasa zisizidi desibeli 35, na katika chumba cha kulala zisizidi 30. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Mimi sina kipimo hicho, lakini madaftari yale ya hesabu yalinitosha kuwa kipimo.

Hata hivyo, jambo lililonifanya nishike kalamu si hesabu. Usiku mmoja wa kiangazi jiko la mama mmoja lilishika moto. Mama yule alipiga yowe, ambalo sisi Wasukuma tunaliita mwano. Msomaji asiye wa huku yafaa aelewe kwamba mwano si kelele za kawaida. Mwano ni sheria. Anayeusikia hutoka na kukimbia kwenda kusaidia, awe amekula au hajala, awe amegombana na mwenye nyumba au hajagombana naye. Sungusungu walipoanza huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, mwano ndio uliokuwa ukiwakusanya watu.

Usiku ule sisi tuliokaa hatua chache tu kutoka kwa mama yule hatukusikia kitu. Sabufa ilikuwa inapiga. Waliofika kwanza kuzima moto walikuwa watu wa kitongoji cha pili. Tunamshukuru Mungu hakufa mtu, lakini mahindi yote ya mwaka yaliteketea. Tulipofika sisi majirani, mama yule alitutazama tu, hakusema neno. Ndugu Mhariri, mtazamo ule ulikuwa mzito kuliko matusi.

Kesho yake nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji nikiwa na hasira, nikataka kikao kiitwe na kijana yule aadhibiwe. Kikao kikaitwa. Nilisimama nikasema maneno makali, kama ilivyo kawaida yetu walimu. Nilipokaa, akasimama bibi mmoja ambaye nyumba yake iko nyuma ya yangu. Akasema, "Mwalimu mwanangu, umesema kweli. Lakini ile siku uliyokwenda semina Bariadi, kitu chako cha ukutani kililia siku mbili, usiku na mchana. Mimi nilidhani ni mdudu. Nilimtafuta kwa tochi mpaka nikachoka, nikalala nimejifunga kanga masikioni."

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Ilikuwa LUKU yangu. Tena bibi akaongeza kwamba redio yangu ninayoifungulia taarifa ya habari alfajiri humwamsha kila siku, ila alikuwa akiniheshimu kwa kuwa mimi ni mwalimu. Nilisema, "Nisamehe, mayu," nikainamisha kichwa. Nyani haoni kundule, na siku ile nyani alikuwa mimi.

Tangu hapo nimefikiri sana. Kelele si jambo geni kwetu. Bagika na Bagalu wanaposhindana ngoma, vishindo husikika mbali, na hakuna mzee anayelalamika. Kwa nini? Kwa sababu ngoma ile huja baada ya mavuno, kazi zikiwa zimepungua. Siku yake hutangazwa na uwanja wake hujulikana. Anayeipiga humwona, anatoka jasho mbele yako, na akichoka ngoma hupumzika. Sabufa haina msimu wala haichoki. Mwenyewe anaweza kuiwasha akaenda zake kulala, nasi tukabaki macho kwa niaba yake. Kwa hiyo kosa si la umeme. Kosa ni letu sisi tuliovileta vyombo hivi nyumbani bila kuvipangia saa, jambo ambalo wazee wetu hawakulifanya kwa ngoma zao.

Kikao kile hakikumwadhibu mtu. Tulikubaliana kwamba ikifika saa tatu usiku kila sabufa iteremshwe, isisikike nje ya nyumba ya mwenyewe. Mwenye harusi au sherehe atatoa taarifa mapema, naye ataachiwa usiku wake. Wiki za mitihani, saa iwe moja. Anayesafiri amwachie jirani fedha kidogo na namba ya mita, ili LUKU ikianza kulia inunuliwe uniti. Hilo la mwisho nililipendekeza mimi mwenyewe, na sina haja ya kueleza kwa nini.

Tulijifunza pia mambo madogo ambayo yanaweza kuwafaa wengine. Sabufa ikiwekwa pembeni mwa chumba, pale kuta mbili zinapokutana, besi yake huongezeka. Isogeze katikati ya ukuta, iinue kutoka sakafuni, uiwekee mkeka uliokunjwa chini yake, kisha upunguze besi. Utasikia muziki uleule, na jirani atalala. Friji inayonguruma mara nyingi haijakaa sawa au inagusa ukuta. Isogeze kidogo, sawazisha miguu yake, weka vipande vya tairi kuukuu chini. Jenereta iwekwe mbali na madirisha ya watu, wala isiwashwe ndani ya nyumba hata siku moja, kwani moshi wake unaua.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yote yamekwisha. Kipo kilabu kimoja cha pombe ambacho hakikushiriki kikao na hakijali mapatano yetu. Huko maneno ya ujirani hayatoshi, inabidi sheria iseme. Nayo sheria ipo. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015. Aidha, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikapitia mkutano wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Lakini nikiuliza kijijini kwetu ni wangapi wanaozijua, sioni mikono zaidi ya miwili, na mmoja ni wangu.

Kwa hiyo natoa mwito kwa viongozi wetu wa vijiji, kata na wilaya. Nguzo zinapofika mahali, wananchi hufundishwa wasiguse nyaya na wasijiunganishie umeme wenyewe. Mafunzo hayo ni mazuri. Basi siku hiyohiyo waelezwe pia habari ya kelele, na mkutano wa kijiji upange saa zake kabla watu hawajaanza kugombana. Sisi tulisubiri mpaka mahindi ya mtu yakaungua.

Kwa vijana wenzangu wenye sabufa, sina ugomvi nanyi. Jasho lenu limewanunulia, furahini nazo. Ila wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Ikifika saa tatu, teremsheni sauti, mkae kimya kidogo na kusikiliza nje. Huenda kuna mtu anapiga mwano, na huenda mtu huyo ni mama yako.

Mwalimu wa kijijini,
Maswa, Simiyu.