Unakimbia Bagamoyo, Kilimatinde Unaijua?

Wadau, leo naomba tugombane kidogo.

Msimu wa mbio ukifika, marafiki zangu wa Dar wanajazana kwenye mabasi kwenda Bagamoyo. Fulana mpya, namba kifuani, medali shingoni, picha ufukweni. Sijitoi, na mimi nimo. Nilikimbia kutokea upande wa Kaole, upepo wa bahari usoni, minazi, majahazi kwa mbali. Raha tupu.

Ila mshereheshaji alisema "mji wa kihistoria" mpaka nikachoka, na historia yenyewe hakuigusa. Tukapita Ngome Kongwe. Tukapita Mtaa wa India. Tukapita boma la Mjerumani, aliyeufanya mji ule makao makuu yake mpaka 1891. Tulipokaribia Caravan Serai dada mmoja akaniuliza, "Kaka, hii ni hoteli?"

Nikacheka. Usiku aibu ikanishika, maana mimi mtu wa Singida ndiye niliyetakiwa kumjibu, nikanyamaza.

Jibu ni hili. Pale ndipo misafara ya bara ilipofikia. Wapagazi walitembea kutoka Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000, wakapita Tabora, wakapita Kilimatinde kwetu Manyoni, wakavuka Ugogo na Mpwapwa mpaka baharini. Mzigo begani ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee. Wengine walibeba kwa ujira, wengine walikuja wamefungwa minyororo, wao wenyewe wakiwa bidhaa. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikitaja vituo sita. Bagamoyo kimo. Kilimatinde kimo pia.

Sasa niambieni: ni wangapi kati yetu tuliovaa medali ya Bagamoyo tunaweza kuionyesha Kilimatinde kwenye ramani?

Najua mtakachosema. "Acha watu wafurahi bwana, mbio si darasa." Sawa. Lakini basi msiiuze historia kwenye tangazo. Ukishaandika "mji wa kihistoria" na kutoza ada kwa jina hilo, unadaiwa. Kama unataka upepo na minazi tu, pwani yetu ni ndefu, nenda kokote.

Wengine watasema mbio zinaleta wageni na pesa Bagamoyo. Kweli, na mama anayeuza samaki pale ufukweni anastahili wateja. Sipingi mbio, napinga kuukimbia mji kama pazia la studio ya picha. Mgeni aliyesimuliwa kitu atarudi na familia yake. Aliyepiga picha tu ameshamaliza.

Na kuna hili linaloniuma zaidi. Tarehe 15 Septemba 2025, kule Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia kwa saa 2:09:48. Muda wake na wa Amanal Petros wa Ujerumani ulikuwa uleule, ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue: sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Simbu ni kijana wa Ikungi, Singida! Tulipiga kelele wiki nzima, kisha tukarudi kutafuta mbio zenye ufukwe.

Mkoa uliokanyagwa na wapagazi, mkoa uliomzaa bingwa wa dunia, kwetu sisi wa mjini bado ni mahali pa kuchungulia dirishani basi likielekea Mwanza, na pa kununulia kuku.

Hoja yangu ni ndogo. Waandaaji wa Bagamoyo, wekeni kibao pale Caravan Serai: Kilimatinde ni kilomita ngapi, Ujiji ni ngapi. Semeni neno moja kuhusu wapagazi kabla ya kipyenga. Na nyie wenye fedha za udhamini, leteni mbio moja Kilimatinde, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Bahari haipo, lakini ukisimama pale juu ukaitazama Ugogo ilivyotandazwa chini, hutaiulizia.

Mimi mwaka huu nitakimbia tena Bagamoyo. Yule dada nikimwona, safari hii nitasimama nimjibu. Muda wangu wa kumaliza ukiharibika, na uharibike.

Naomba kutoa hoja.